Kuigiza kwa hiari: kwa nini darasa la maigizo huwafaa wazee wa LGBT

Mtu akitaja teatro mbele ya wazee wa mitaa ya Kenya, Katuba au Kamalondo, hapa Lubumbashi nchini Congo, hachelewi kusikia jina la kundi la waigizaji la Mufwankolo. Kundi hilo lililizoesha jiji kutazama na kusikiliza maigizo katika Kiswahili cha Katanga, na lilifanya kazi kwa njia inayohusiana moja kwa moja na mada ya makala hii: waigizaji wake hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya kisa na mfuatano wa matukio, wakafanya mazoezi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe ndani ya nafasi aliyopewa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefuatilia kazi yao mwaka 1986, aliwashuhudia wakijenga mchezo mzima kutokana na methali moja tu, ile isemayo kwamba mamlaka huliwa yote, hayagawanywi.

Ninaanza na kundi hilo kwa sababu mada yenyewe, ikitajwa ghafla, inaweza kumfanya msomaji wa hapa adhani kuwa ni habari ya nchi za mbali isiyomhusu. Katika nchi kama Uingereza, Marekani na Australia kumekuwa na shughuli za sanaa ya jukwaani zilizoandaliwa mahsusi kwa ajili ya wazee wa LGBT, yaani wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, watu wanaopenda jinsia zote mbili, na watu ambao jinsia wanayoijua moyoni si ile iliyoandikwa siku walipozaliwa. Wanaoziandaa wanaamini kwamba zinaleta nafuu ya kweli kwa afya na kwa nafsi. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: mtu aliyelazimika kuigiza tangu ujana wake, mbele ya wazazi, mbele ya mkubwa wake wa kazi na mbele ya mchungaji, atapumzikaje kwa kupewa igizo jingine? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, lakini halieleweki mpaka kwanza tuujue mzigo wenyewe.

Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer wa Marekani alieleza kwa upana kile tunachoweza kukiita msongo wa walio wachache. Alisema kwamba mtu wa kundi linalodharauliwa hubeba, juu ya shida za kawaida za kila binadamu, shida nyingine zinazotokana na dharau hiyo. Baadhi hutoka nje, kama vile matusi, kipigo au kufukuzwa kazini. Nyingine hukaa ndani: kutazamia kukataliwa hata pale ambapo hakuna aliyekukataa, kuficha ulivyo, na mwishowe kuanza kuyaamini wewe mwenyewe maneno mabaya uliyoyasikia tangu utotoni. Thamani ya maelezo hayo ni kwamba yanahamisha chanzo cha maumivu: hakimo katika kupenda kwenyewe, kimo katika mazingira yanayomlazimisha mtu kuishi akiwa macho usiku na mchana. Miaka minne baadaye John Pachankis alichambua upande mmoja wa mzigo huo, yaani kuficha, akaonyesha kwamba ni kazi ya akili isiyo na likizo. Anayeficha hupima kila neno kabla ya kulitoa, hukumbuka alimwambia nani nini, na hujaribu kusoma katika uso wa mwenzake kama ameshajua.

Katika mitaa yetu kazi hiyo ina sura zake. Fikiria mzee ambaye kwa jirani mmoja alisema kwamba mke wake alifariki Kolwezi, na kwa jirani mwingine alisema waliachana kwa amani. Majirani hao wawili wakikutana kwenye kilio, yeye hapati usingizi juma zima. Na jiji lenyewe lilijengwa kwa namna iliyoifanya ndoa kuwa karibu kitambulisho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya wakati wa ukoloni, iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawatia moyo wafanyakazi waoe, waje na wake zao na wakae kambini; nyumba, mposho, matibabu na shule vikapangwa kwa kuangalia familia. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi hiyo baadaye, ilirithi desturi hiyo. Kwa mwanamume ambaye moyo wake haukuelekea kwa wanawake, kuoa hakukuwa suala la heshima ya ukoo peke yake. Kulikuwa pia njia ya kupata paa. Wapo walioishi miaka 40 katika ndoa ya namna hiyo kwa wema na uaminifu, na sioni kwamba mtu yeyote ana haki ya kuuita uongo wema huo. Lakini mwili wa mtu anayekaribia miaka 70 au 80 huwa umeulipia.

Wenzao wa nchi nyingine walipita njia tofauti kidogo. Nchini Uingereza na Wales, mapenzi ya faragha kati ya wanaume watu wazima yaliacha kuwa kosa la jinai mwaka 1967 tu. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo alikwisha kuingia utu uzima akijua kwamba barua moja ingeweza kumfikisha gerezani. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yao ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990. Kwa hiyo kizazi hiki cha wazee ndicho kilichoitwa kwanza wahalifu, kisha wagonjwa, na mwishoni kabisa, nywele zikiwa nyeupe, kikaambiwa kwamba hakikuwa na kosa wala ugonjwa. Mtu hapokei habari ya namna hiyo siku moja ikamwingia.

Juu ya hayo kuna upweke, na hapa takwimu zinasema waziwazi. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wasio nao. Mwaka uliofuata, Karen Fredriksen-Goldsen na wenzake walitoa taarifa juu ya watu wa LGBT 2,560 wa Marekani wenye umri wa miaka 50 hadi 95; zaidi ya nusu yao walisema kwamba wanajihisi wametengwa na wengine. Wengi wa umri huo hawana watoto, na baadhi yao walikatwa na ndugu zao. Hapa kwetu uzito wa jambo hilo hauhitaji maelezo marefu, kwa sababu pensheni ya kweli ya mzee ni watoto wake. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa mwaka 2003 waliona fedha zao zikiisha. Waliobaki na cha kula walikuwa mara nyingi wale wenye mtoto wa kuwaletea unga. Mzee asiye na mtoto, au ambaye mtoto amesikia fununu akaacha kuja, hana hata kizingiti cha kukalia.

Sasa tuje kwenye maigizo. Ushahidi unaotajwa mara nyingi ni wa Daisy Fancourt na Andrew Steptoe, waliochapisha mwaka 2019 matokeo ya kufuatilia kwa miaka 14 watu 6,710 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Waliokwenda kwenye teatro, makumbusho, maonyesho ya sanaa au muziki mara moja au mbili kwa mwaka walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 14, na waliokwenda kila baada ya miezi michache au mara nyingi zaidi walikuwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 31. Takwimu hizo zinavutia, lakini msomaji mwangalifu asizitumie kuliko zinavyobeba. Watafiti walizingatia mali, elimu na afya ya washiriki, hata hivyo utafiti wa kufuatilia tu hauwezi kuthibitisha kwamba sanaa ndiyo iliyorefusha maisha. Tena ulihusu watu wanaotazama sanaa, si wanaoifanya.

Kazi ya Helga Noice na Tony Noice ndiyo inayotusogeza karibu zaidi. Katika utafiti wao wa mwaka 2004 walichukua wazee 124 wa Marekani wenye umri wa miaka 60 hadi 86, wakawagawa makundi matatu: moja lilifundishwa kuigiza, jingine likafundishwa kutazama na kuelewa sanaa za picha, na la tatu halikufundishwa kitu. Baada ya majuma manne tu, waliofundishwa kuigiza walikuwa wamepiga hatua katika kukumbuka, katika kutatua matatizo na katika hali njema ya nafsi. Maelezo ya watafiti hao yanawahusu kabisa watu wanaoikumbuka kazi ya Mufwankolo. Mwigizaji mzuri, wanasema, hatii maneno kichwani moja baada ya jingine kama mtoto anayekariri katekisimu. Hujiuliza mhusika anataka nini kwa mwenzake anapotamka maneno hayo, kisha hutenda kwa akili, kwa hisia na kwa mwili mara moja. Viungo vyote vya mtu vinafanya kazi kwa pamoja, naye mwenzake yuko mbele yake akimjibu.

Utafiti huo ulikuwa juu ya wazee kwa jumla. Hoja kwa ajili ya wazee wa LGBT inaunganisha mambo mawili: kwamba maigizo huwafaa wazee, na kwamba wazee hawa wana mzigo mahsusi ambao maigizo huugusa mahali pake. Jambo hilo la pili ndilo linalojibu swali la mwanzo.

Kujificha na kuigiza hutumia vyombo vilevile: sauti, uso, mkao, kumbukumbu, na uwezo wa kukisia mwenzako anafikiri nini. Mzee aliyejificha miaka 50 ana ujuzi ambao kijana wa chuo cha sanaa huutafuta kwa taabu. Tofauti iko katika masharti. Anayejificha hakuchagua nafasi yake, hana mwenzake anayejua kwamba ni igizo, haruhusiwi kukosea, na pazia halishuki kamwe. Darasani kila sharti hupinduka. Nafasi unaichagua, au unaikataa ukitaka. Wote waliomo wanajua kwamba ni mchezo. Ukikosea, mnacheka na kuanza tena. Kisha saa inafika, mchezo unaisha, na unaruhusiwa kuwa wewe. Kwa maoni yangu jambo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu akili iliyokesha miaka mingi hujifunza kwa vitendo, si kwa mawaidha, kwamba igizo lina mwisho. Na ule ujuzi ambao mzee aliuonea haya, akiuita moyoni unafiki, unageuka mbele ya wenzake kuwa kipaji kinachopigiwa makofi.

Kuna pia jambo ambalo darasa la Lubumbashi lingeweza kulifanya vizuri kuliko darasa la London, nalo linatokana na lugha yenyewe. Anayesimulia mapenzi yake kwa Kifaransa hulazimika kuchagua katika sentensi ya kwanza kati ya neno la kumtaja mwanamume na neno la kumtaja mwanamke. Akisita, kusita kwake kumekwisha kumtaja. Kiswahili hakimlazimishi mtu hivyo. «Alikuja jioni, akaketi, tukala pamoja, asubuhi akaondoka, hakurudi tena.» Sentensi hiyo ni kamili, ina mapenzi na msiba ndani yake, na hakuna anayejua kama aliyeondoka alikuwa mume, mke, mwanamume au mwanamke, isipokuwa msimulizi aamue kuongeza neno. Maneno kama mpenzi, mwenzangu na mwandani hayana jinsia. Mwalimu anayeongoza mazoezi kwa Kifaransa kwa kudhani kwamba ndiyo lugha ya teatro anawanyima wazee hifadhi ambayo lugha yao inawapa bure; anayeongoza kwa Kiswahili anamwachia kila mmoja kusema yote, nusu, au kivuli tu cha mambo yake, na kuendelea mbele kidogo juma linalofuata. Sijui njia nyingine ya kumkaribisha mtu aseme ukweli wake bila kumsukuma.

Mwalimu makini ataanza na mambo mepesi. Watu huketi kwa duara, kila mmoja hutaja jina analotaka kuitwa na kuliambatanisha na ishara ya mkono, na wengine huirudia. Kwa mtu ambaye jina la kwenye kadi yake si jina la moyoni mwake, dakika hiyo ya kusikia watu kumi wakilitamka jina alilolichagua ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hufuata zoezi la kioo, ambamo wawili hukabiliana na mmoja huiga taratibu kila mwendo wa mwenzake: aliyezoea kutazamwa ili ashukiwe hujikuta anatazamwa ili aeleweke. Mazoezi ya pumzi, ya sauti na ya kuinuka kitini yana faida zake kwa mapafu na miguu, na hayo kila muuguzi anaweza kuyaeleza.

Njia moja yenye nguvu ilianzishwa mwaka 1975 katika jimbo la New York na Jonathan Fox pamoja na Jo Salas: mtu husimulia tukio la maisha yake, huchagua nani awe yeye, kisha huketi na kutazama wengine wakiliigiza papo hapo bila maandishi. Mzee hupata kuuona ujana wake kutoka nje, na mara nyingi humhurumia yule kijana kuliko alivyowahi kujihurumia mwenyewe. Lakini njia hiyohiyo inaweza kuumiza. Kisa cha kipigo au cha kufukuzwa nyumbani kikiigizwa kwa ukali, mwili haujui kwamba ni mchezo. Mwalimu wa maigizo si daktari wa nafsi, na anapaswa kujua mapema atampeleka kwa nani mtu ambaye machozi yake hayakomi.

Swali gumu zaidi kwetu ni kama darasa liwe la wazee wa LGBT peke yao au la wazee wote. Hoja ya kuwapa darasa lao peke yao ni ya kweli: Meyer mwenyewe alionyesha kwamba kuwa pamoja na walio kama wewe ni mojawapo ya mambo yanayopunguza msongo, kwa kuwa hapo hujipimi tena kwa kipimo cha walio wengi. Australia ilitoa mfano wa furaha wa jambo hilo mwaka 2017, wazee walipoalikwa kwenye dansi kubwa katika ukumbi wa jiji la Melbourne, iliyotokana na habari kwamba baadhi yao, wakiingia katika makao ya wazee, walianza kujificha upya. Huku kwetu mwanga wa namna hiyo una gharama. Sheria ya adhabu ya Congo haina kifungu kinachoyaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa jina, lakini kifungu cha 176, kinachohusu kukiuka maadili mema hadharani, kina maneno mapana yanayoweza kunyooshwa. Na ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2006 inataja ndoa na mtu wa jinsia tofauti peke yake. Mzee si mhalifu kwa jinsi alivyo, ila hana pa kukimbilia jirani akimgeuka, na katika parseli ambamo familia tatu zinachangia bomba moja la maji, jirani ni karibu serikali.

Kwa hiyo nadhani, kwa Lubumbashi, Bukavu na Goma, ni busara darasa liwe la wazee kwa jumla, lenye mwongozaji anayeaminika na kanuni chache zinazoshikwa bila huruma: hakuna picha, hakuna simu mezani, hakuna anayeulizwa kama kisa alichoigiza ni chake, na kilichosikika ndani hakitoki. Mashariki ya nchi imezoea teatro shirikishi, ambayo mashirika ya amani yameitumia kwa miaka mingi kuwafanya wanavijiji wazungumzie ugomvi wa mashamba na kurudi kwa wakimbizi. Hakuna anayeshangaa kuona watu wazima wakiigiza chini ya mwembe. Ndani ya darasa hilo la wote, wachache wanaohitajiana watatambuana bila kutangazwa. Sisemi kwamba hilo linatosha. Linampunguzia mtu sehemu ya mzigo tu, lakini halimwongezei hatari.

Limebaki jambo la msiba, ambalo sijalisikia likizungumzwa vya kutosha. Mtaalamu Kenneth Doka aliipa jina mwaka 1989 huzuni ile ambayo jamii haiitambui: ya mtu ambaye hana cheo cha kumlilia aliyekufa. Kwenye kilio chetu kila mtu ana mahali pake, mjane kwenye mkeka, shemeji mlangoni, wajukuu jikoni. Mwenzi wa miaka 30 aliyeitwa siku zote rafiki wa marehemu husimama nje pamoja na majirani, hutoa mchango wake, husaini daftari, kisha hurudi kwake na kufunga mlango. Hakuna anayemletea chai. Darasani kuna zoezi la kiti kitupu: kiti huwekwa katikati, mzee huketi mbele yake na kumwambia asiyekuwepo maneno ambayo hakupata mahali pa kuyasema. Wengine huketi chini, kwenye mkeka, kama inavyopasa kwenye kilio. Hawaulizi marehemu alikuwa nani.

Baada ya zoezi kama hilo mwongozaji hapaswi kuwaacha watu watawanyike haraka. Kila mmoja huvua nafasi aliyoicheza kwa kushika kitu cha kawaida, kiti au ukuta, na kutaja jina lake na mahali alipo. Mnakunywa chai, mnaongea habari za umeme na bei ya unga, mapigo ya moyo yanatulia. Kisha mzee huchukua basi kurudi nyumbani. Akifika, binti wa ndugu yake atamwuliza alikuwa wapi muda wote huo, naye atajibu kwamba alikuwa kwenye mazoezi ya teatro pamoja na wenzake, na hatahitaji kukumbuka kesho alimjibu nini.